Kipa hazeeki haraka: somo la Kidiaba kwa vijana wahami wa Beni na Butembo

MAONI

Pita jioni kwenye viwanja vya Butembo, toka Matokeo hadi vile vya udongo mwekundu kule Bulengera, utaona jambo lile lile. Vijana wanagawana timu. Wanaojua kupiga chenga wanachaguliwa kwanza, kisha wenye mbio. Anayebaki mwisho, yule ambaye hata jina lake halijulikani vizuri, anaonyeshwa lango: "Wewe, kaa pale." Siku hizi huyo wa mwisho mara nyingi ni mtoto wa mhami, aliyefika na mama yake kutoka upande wa Eringeti, wa Mbau au wa Kanyabayonga, na ambaye bado hana rafiki mtaani. Beni ni hivyo hivyo.

Akifungwa bao la kwanza anatukanwa. La pili, anaondolewa. Kesho yake harudi.

Ndugu msikilizaji, ndugu msomaji, naandika leo juu ya huyo kijana. Maoni yangu ni haya: lango tunalomsukumia kama adhabu ndiyo nafasi katika kabumbu inayomfaa zaidi kijana aliyepotezewa miaka na vita. Anayetaka ushahidi asiende mbali. Atazame maisha ya mlinda lango mmoja wa nchi yetu, Robert Kidiaba Muteba.

Mtu aliyechelewa kufika

Wengi wetu tunamkumbuka Kidiaba kwa jambo moja: kushangilia kwake. Mazembe au Leopards wakifunga, yeye alikaa chini, akanyosha miguu mbele, akarukaruka kwa matako juu ya nyasi. Watoto wa Beni walimwiga, watoto wa Lubumbashi walimwiga, na dunia nzima ilicheka naye. Lakini kicheko hicho kimetusahaulisha hesabu ya miaka yake, na mimi naona somo lenyewe liko katika hesabu hiyo.

Kidiaba alizaliwa tarehe 1 Februari 1976. Alijiunga na TP Mazembe mwaka 2002, akiwa na miaka 26. Hebu fikiri kidogo. Hapa kwetu, kijana wa miaka 26 ambaye hajajulikana anaambiwa: "Mzee, wacha mpira, tafuta mke, nunua pikipiki ufanye motari." Kidiaba, kwa umri huo, ndiyo kwanza alikuwa anaanza kujenga jina lake katika klabu kubwa.

Alingoja miaka saba mingine kabla ya mavuno makubwa. Mwaka 2009, akiwa na miaka 33, alikuwa langoni Leopards walipotwaa kombe la CHAN huko Abidjan kwa kuifunga Ghana mabao 2 kwa 0 katika fainali. Mwaka huo huo Mazembe ikawa bingwa wa Afrika mbele ya Heartland ya Nijeria. Mwaka 2010 ikarudia. Katika fainali dhidi ya Espérance ya Tunisia ilishinda 5 kwa 0 mjini Lubumbashi, kisha ikatoka sare 1 kwa 1 ugenini.

Halafu Desemba 2010 wakaenda Abu Dhabi, Kombe la dunia la vilabu. Tarehe 10 waliifunga Pachuca ya Meksiko bao 1 kwa 0. Tarehe 14 waliishinda Internacional ya Brazili 2 kwa 0, na katika mechi hiyo Wabrazili walipiga na kupiga tena, wakamkuta Kidiaba amesimama. Dakika 180, bao hata moja halikuingia. Kwa mara ya kwanza timu ya Afrika ilifika fainali ya mashindano yale. Ni kweli kwamba tarehe 18 Inter Milan iliwafunga 3 kwa 0. Lakini kabla ya siku hiyo hakuna klabu ya Afrika iliyokuwa imekaa kwenye meza ile. Mlinda lango wao alikuwa na miaka 34, umri ambao washambuliaji wengi wamekwisha kuweka viatu pembeni.

Na bado hakuacha. Mwaka 2013 alikuwa Afrika Kusini na Leopards kwa Kombe la Afrika. Mwaka 2015 alikuwa Guinea ya Ikweta. Siku ya robo fainali, tarehe 31 Januari, tulikuwa tumefungwa 2 kwa 0 na ndugu zetu wa Congo-Brazzaville, tukageuza mambo na kushinda 4 kwa 2. Kesho yake Kidiaba alitimiza miaka 39. Côte d'Ivoire ikatuzuia katika nusu fainali kwa 3 kwa 1, lakini tarehe 7 Februari, mjini Malabo, tuliwashinda wenyeji kwa penalti 4 kwa 2 na kuchukua nafasi ya tatu. Kidiaba alikuwa langoni. Baada ya hapo ndipo aliaga timu ya taifa. Baadaye alifundisha walinda lango wa Mazembe, na wananchi wa Haut-Katanga wakamchagua kuwa mbunge wa jimbo.

Sasa weka hesabu hiyo kando ya maisha ya kijana wa Oicha aliyekimbia akiwa na miaka 12, akapoteza miaka miwili ya shule, akahama mara tatu, na leo ana miaka 18 bila kuchezea timu yoyote. Anadhani wakati wake umepita. Kama anataka kuwa winga, pengine ana haki ya kuogopa. Kama anataka kuwa kipa, ana miaka minane kabla ya kufika umri ambao Kidiaba aliingia Mazembe.

Kwa nini lango linangoja

Jambo hili halikumtokea Kidiaba peke yake. Essam El-Hadary wa Misri alicheza Kombe la dunia nchini Urusi mwaka 2018 akiwa na miaka 45, akaokoa penalti katika mechi dhidi ya Saudi Arabia. Hakuna mchezaji mwenye umri mkubwa kuliko wake aliyewahi kucheza katika Kombe la dunia kabla yake. Lionel Mpasi, mlinda lango wa Leopards wa siku hizi, alipita madaraja ya chini ya Ufaransa kwa miaka mingi na alikuwa na miaka 29 alipokuwa kipa wa kwanza katika Kombe la Afrika la mwaka 2024.

Sababu yake inaeleweka. Mbio hupungua mapema, ila macho na akili ya mchezo huongezeka. Kipa anaishi kwa kusoma: mpigaji ameweka mguu wake wa pili wapi, bega limegeukia upande gani, beki wangu amesimama vibaya au vizuri. Anaishi kwa sauti, maana yeye peke yake ndiye anayeona uwanja wote mbele yake. Na anaishi kwa kusahau. Maji yakimwagika hayazoleki, na bao likishaingia limeingia. Anayeendelea kulililia atafungwa la pili.

Sisemi kwamba mateso ni shule. Hakuna mtoto anayepaswa kukimbia usiku ili ajifunze kuwa macho. Nasema tu kwamba kijana aliyepitia hayo asihesabiwe kuwa ameharibika. Utulivu anaoufikia polepole, siku baada ya siku, katika nyumba ya watu waliompokea, ni mali. Langoni mali hiyo ina kazi.

Jinsi ya kumwondoa kipa

Hapa nataka kusema na makocha wetu wa mitaa, na mashabiki wanaosimama nyuma ya wavu wakipiga kelele.

Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1974. Nchi ikiitwa Zaïre, Leopards walikuwa mabingwa wa Afrika, na walienda Ujerumani kama timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufika Kombe la dunia. Langoni alikuwa Kazadi Mwamba, mtu wa Lubumbashi, bingwa wa Afrika mwaka 1968 na mwaka 1974. Mechi ya kwanza tulifungwa na Scotland 2 kwa 0, hakuna aibu. Ya pili ilikuwa dhidi ya Yugoslavia, tarehe 18 Juni, huko Gelsenkirchen. Wachezaji walikuwa wamevunjika moyo kwa sababu ya pesa zao za marupurupu. Kufikia dakika ya 21 tulikuwa nyuma kwa mabao 3, na kocha Vidinić, ambaye mwenyewe alikuwa kipa zamani, akamtoa Kazadi na kumwingiza Dimbi Tubilandu. Kazi ya kwanza ya Tubilandu ilikuwa kwenda kuutoa mpira wavuni. Mechi iliisha 9 kwa 0.

Kilichoanguka siku ile ni timu nzima, na nyuma ya timu, viongozi wake. Lakini aliyetolewa mbele ya dunia ni kipa, na aliyeingia akapewa mzigo usiobebeka. Mechi iliyofuata, dhidi ya Brazili, Kazadi alirudishwa langoni. Tulifungwa 3 tu. Je, kumtoa kulisaidia nini?

Sasa tazama Rabat, Novemba 2025. Leopards dhidi ya Nijeria, fainali ya mchujo wa Afrika kwa ajili ya Kombe la dunia la 2026. Sare ya 1 kwa 1, muda wa nyongeza unaisha, penalti zinakuja. Kocha Desabre anamtoa Mpasi na kumwingiza Timothy Fayulu. Ni badiliko lile lile, kipa kwa kipa. Ila safari hii lilikuwa limefikiriwa: kila mmoja na kazi yake. Fayulu aliokoa penalti, Chancel Mbemba akafunga ya mwisho, tukashinda 4 kwa 3. Mpasi, ambaye mwaka 2024 yeye mwenyewe ndiye aliyeifunga Misri penalti ya ushindi, 8 kwa 7, hakutolewa kwa hasira. Aliachia nafasi kwa mwenzake, akashangilia pamoja naye.

Badiliko la 1974 na la 2025 yanafanana kwa macho, lakini moja lilikuwa la kutafuta wa kulaumiwa, na lingine la kutafuta ushindi. Kocha wa mtaa, unapomtoa kijana langoni baada ya bao la kwanza, jiulize lako ni lipi.

"Lakini tuko vitani"

Najua nitakayoambiwa. Mama mmoja anayelala na watoto saba katika chumba kimoja ataniuliza: "Mwanangu, watu wanauawa mashambani, wewe unatuletea habari za glavu?" Ni swali la haki. Tangu Oktoba 2014, mauaji katika wilaya ya Beni hayajatuacha, na baadaye yamefika Lubero. Mwaka 2018 Ebola ikatukuta juu ya hayo. Katikati ya mwaka 2024 Kanyabayonga ilianguka mikononi mwa M23, na barabara ikajaa watu wenye magodoro kichwani. Mpira haurudishi shamba. Mpira haurudishi mtu.

Jibu langu ni kwamba mpira unafanya kazi mbili ndogo, na ndogo si bure.

Ya kwanza ni kumpa kijana mahali pa kuwa saa kumi jioni. Wazazi wanajua ninachosema. Kijana asiye na shule, asiye na shamba, asiye na timu, kuna watu wanaomtafuta, na hawamtafutii mema. Kijana anayesubiriwa na wenzake kumi uwanjani ana sababu ya kukataa. Na ikiwa yeye ndiye kipa, hawawezi kuanza bila yeye.

Ya pili ni sauti. Tarehe 7 Februari 2024, huko Abidjan, kabla ya nusu fainali dhidi ya wenyeji, wachezaji wa Leopards walisimama wakati wa wimbo wa taifa, mkono mmoja umeziba mdomo, vidole viwili vya mkono mwingine vikielekezwa kichwani kama bunduki. Walikuwa wanasema habari zetu, sisi wa mashariki: tunauawa na dunia imenyamaza. Tulifungwa bao 1 kwa 0 siku ile, lakini picha ile ilifika mahali ambapo barua zetu hazijafika. Wale hawakuwa wanasiasa. Walikuwa wachezaji wa mpira, baadhi yao wamezaliwa mbali kabisa na hapa.

Wengine watasema: Kidiaba alikuwa na Mazembe, klabu yenye pesa na yenye rais kama Moïse Katumbi. Sisi tuna nini? Ni kweli, na sitaficha: bila klabu iliyomvumilia, Kidiaba angebaki jina la mtaani. Lakini kabla ya pesa kulikuwa na jambo ambalo halinunuliwi. Klabu ilimwamini mtu mmoja langoni kwa miaka zaidi ya kumi. Uvumilivu huo Butembo inaweza kuutoa hata leo. Nyuki inaweza, Capaco ya Beni inaweza, na timu ya mtaa isiyo na hata jezi inaweza.

Ninachoomba

Kwa makocha wa timu za vijana: mpe kipa wako mechi tano kabla ya kumhukumu. Na katika mazoezi tenga dakika ishirini kwa ajili yake peke yake. Asikae tu kungoja mashuti ya wengine. Kumfundisha hakuhitaji uwanja wa majani. Seremala wa Butembo wanatupa unga wa mbao kila siku. Omba magunia machache, umwage nyuma ya lango, kijana ajifunze kuanguka bila kuvunja kiwiko. Ukuta na mpira mdogo vinatosha kufundisha mikono: atupe, adake, atupe tena, karibu zaidi kila mara. Mfundishe pia kusema. Kipa bubu ni nusu ya kipa.

Kwa viongozi wa vilabu na wafanyabiashara wetu: mnapotoa msaada wa mpira na jezi, ongezeni jozi mbili za glavu. Jezi zinaonekana kwenye picha, glavu hazionekani, ndiyo maana zinasahauliwa. Msimu unapoanza, fungueni majaribio kwa vijana wahami bila kuwaomba karatasi ambazo ziliungua na nyumba zao.

Kwa familia zilizowapokea wahami: mnabeba mengi tayari, na Mungu anajua. Nawaomba kidogo tu. Kijana akiomba ruhusa ya kwenda uwanjani baada ya kuchota maji, mruhusu. Na binti akiomba, mruhusu vilevile. Lango halina jinsia, na timu za wasichana zina njaa ya makipa kuliko za wavulana.

Kwa mashabiki: kipa akifungwa, nyamaza. Ukishindwa kunyamaza, mwite kwa jina lake. Kama hujui jina lake, hiyo ndiyo kazi yako ya kwanza.

Na kwa wewe kijana uliyeambiwa "kaa pale": kaa. Usikae kama aliyeadhibiwa. Hesabu hatua zako toka mlingoti hadi mlingoti. Jua beki wako wa kushoto anaogopa nini. Piga kelele. Ukifungwa, chukua mpira wavuni wewe mwenyewe, uutupe katikati, useme "tuendelee". Una miaka 17 au 20, na umeambiwa umechelewa. Mtu aliyeifikisha Afrika kwenye fainali ya dunia ya vilabu alikuwa na miaka 34 siku ile, na miaka minane kabla yake ndiyo kwanza alikuwa anaingia mlangoni.

Jioni ya leo kuna timu mtaani kwenu ambayo haina kipa. Nenda.